Paa Lililomwangusha Mkwe

Naikumbuka siku moja ya mwisho wa kiangazi, mwanangu, nilirudi na tita la nyasi kichwani nikakuta paa la nyumba ya mama yangu limeingia ndani, na mume wangu ameingia nalo.

Keti nikusimulie. Nimesikia unajenga mwaka huu, na nimesikia ukisema kwamba paa likishaezekwa kazi imekwisha. Nami nilikuwa kijana, nikidhani hivyohivyo. Nyumba huzaliwa siku moja, lakini hulelewa maisha yake yote.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Tulikaa upande wa msituni, kwenye njia ya kwenda Kafutuma, mahali ambapo ukisimama vizuri unaliona ziwa kati ya miti, lakini mawimbi yake huyasikii. Mume wangu aliitwa Ilunga. Alitoka ng'ambo, upande wa Kongo. Alikuwa akivuka ziwa kuleta chumvi na vitambaa pale Kashikishi, upande wetu wa ziwa, na kurudi na samaki wakavu, mpaka siku aliyoniona mimi, akaacha kurudi. Kiswahili hiki ninachokusemesha nilikipata kwake. Nyumbani tulisema Kibemba. Kiswahili kwetu kilikuwa cha sokoni tu, cha kumwita mnunuzi na kumuaga.

Zamani zile mtu akioa alikuja kukaa kwa wakwe na kuwafanyia kazi, na kati yake na mama mkwe palikuwa na ukuta. Hakumtazama usoni. Wakikutana njiani, mmoja aliingia porini mpaka mwenzake apite. Hawakusemezana, hawakula wakionana, mkwe hakuingia nyumba ya mama mkwe, wala mama mkwe hakulitamka jina la mkwe. Desturi ilikuwa ukuta ule uondolewe kwa chakula na pombe, siku wazee wakiona kijana ametosha. Sisi tulikuwa tukingoja mavuno. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Mama alisema nami, nami nikasema na mume wangu, hata pale ambapo wote wawili walikuwa wamesikiana vizuri kabisa.

Usicheke. Ilikuwa heshima, na ilikuwa na utamu wake. Mama alimchagulia Ilunga samaki mnono kuliko wote, akamfunika na kuniachia mlangoni bila neno. Na Ilunga akirudi kutoka ziwani alipitisha kuni kwa mama kwanza, akaziweka nyuma ya ua, akaondoka kimya kama mwizi. Walipendana, watu wale wawili, na hawakuwa wamewahi kuonana macho.

Mama alikuwa mjane. Nyumba yake baba aliijenga chini ya mupundu, ule mti mkubwa wa matunda ya porini, kwa sababu alipenda kivuli. Kivuli ni kitamu kwa mtu, mwanangu, lakini kwa paa la nyasi ni ugonjwa. Kwetu mvua ikianza mwezi wa kumi na moja haiagi mpaka wa nne, na paa lisiloona jua halikauki kati ya mvua moja na nyingine. Majani ya mti huangukia pale, yakalala, yakaoza, yakaalika kuvu, na maji badala ya kuteremka yakakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Baba alipokuwa hai alikata matawi na kulifagia paa. Alipotutoka, kila mwaka mtu wa ukoo alikuja akatupia nyasi mpya juu ya zile za zamani, akanawa mikono, akaenda zake. Kwa nje lilionekana nene na zuri, kama nywele za msichana zilizochanwa. Lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango, ingia ndani.

Nani angeingia? Mama alikuwa ameanza kutupokea uani. Ukija, vigoda vilikuwa tayari viko nje. Alikohoa, akasema ni moshi wa kukaushia samaki. Blanketi zake zilianikwa karibu kila asubuhi, akasema ni kunguni. Mtu mzima akikwambia ni kunguni, utamwambia nini?

Basi mawingu yalipoanza kupandana ng'ambo ya ziwa, alikuja Yama Chola, kaka yake mama. Yama ni mjomba, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya nyumba ya dada yake. Alitazama mbingu, akatazama paa, akasema mkwe apande aongeze nyasi kabla mvua haijafika.

Ilunga aliizunguka nyumba polepole. Alikuwa mtu wa nyavu na mitumbwi, lakini mtu wa mitumbwi anajua ubao uliooza. Aliingiza vidole kwenye ukingo wa paa, akavitoa vimekuwa vyeusi, akavinusa. Kisha akaniita.

"Chanda, ambia mama hivi," alisema. "Mi naomba nitoe kwanza majani yote ya zamani. Na mutu mumoja aingie ndani, aniangalilie miti ya juu kama ingali nguvu. Mi siwezi kuingia."

Mama alikuwa nyuma ya ua, umbali wa kunyoosha mkono. Nilimpelekea maneno yaleyale aliyokuwa ameyasikia. Alikaa kidogo akikunja kitambaa chake.

"Mwambie mkwe aongeze tu juu," alisema. "Paa la marehemu halina neno. Mvua i karibu. Akiliezua, itatukuta wazi."

Niliyarudisha. Ilunga alinitazama, akalitazama paa, akafuta vidole kwenye nyasi. Mkwe habishani. "Neno ya mama ni neno," alisema.

Sasa, desturi ilikataa kijana asimame juu ya kichwa cha mama mkwe, kwa hiyo asubuhi iliyofuata mama alihamia kwa shangazi yangu Mumba, dada yake baba, ambaye ua wake ulitazamana na wa mama. Alikaa pale akichambua samaki, mgongo ameupa nyumba yake. Ilunga alipanda na kamba zake za magome. Mimi na wanawake wengine tukashuka bondeni kuleta nyasi.

Tulikuwa tunarudi, tumekaribia ua, niliposikia. Hapakuwa na kishindo. Nilidhani paa likianguka hupiga kelele kama mti. Nilisikia kama mtu mzito aliyetua mzigo na kushusha pumzi. Halafu vumbi jeusi likapanda juu ya matawi ya mupundu.

Sijui nyasi zangu nilizitupa wapi. Nilipofika kuta zilikuwa zimesimama, lakini mwanga wa mchana ulikuwa umeingia mahali ambapo haukuwahi kuingia tangu baba aezeke. Shangazi alisimama mlangoni, mikono kichwani.

"Mama yako yumo," alisema.

Sikumwelewa. Nilikuwa nimejikaza kusikia jina la mume wangu. Nilimwambia mama yumo uani mwake yeye shangazi, tumemwacha pale akichambua samaki. Shangazi akatikisa kichwa. "Yumo," alisema tena. "Alikimbia akaingia, na paa likashuka."

Tuliingia kwa magoti. Nyasi zile hazikuwa nyasi tena. Zilikuwa zimekuwa kama samadi, nzito, zenye maji ya mvua za mwaka uliopita, na harufu yake ilikuwa ya kaburi jipya. Nilichimba kwa mikono. Niligusa nguo, nikavuta, ikawa mkeka. Nikachimba tena, nikawaona.

Mama alikuwa ameegemea ukuta, amefukiwa hadi kiunoni. Mkono wake mmoja ulining'inia vibaya. Mapajani mwake palilala kichwa cha Ilunga, kina damu, macho yamefumba, mdomo umejaa udongo mweusi, na mama kwa mkono wake mzima alikuwa akiutoa ule udongo kwa kidole, kama unavyomtoa mtoto mchanga uchafu anapozaliwa. Na alikuwa akisema naye.

"Mutoto yangu, usilale," alisema. "Ilunga. Fungua macho. Angalia miye. Angalia uso yangu."

Mwanangu, nilisimama. Damu haikuwa imenisimamisha, wala ule mkono wa mama. Yale maneno ndiyo yaliyonisimamisha. Mama, ambaye hakuwahi kulitamka jina lile hata ndotoni, alikuwa akilitamka, na kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake kidogo cha kuuzia samaki, kwa sababu alijua ndiyo lugha ambayo kijana aliisikia kwa mama yake mwenyewe. Maneno yalikuwa ya sokoni. Sauti ilikuwa ya mzazi.

Shangazi ndiye aliyepata kusema. "Wifi, mwachilie," alisema. "Huyo ni mkwe wako. Mwachilie, tumtoe sisi."

Mama hakugeuka. "Akifa," alisema, "atakuwa mkwe wa nani?"

Hapo tukapata mikono yetu. Tuling'oa mlango, tukamlaza Ilunga juu yake. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika, na alipofumbua macho kitu cha kwanza alichokiona ni uso wa mama mkwe wake. Aliyafumba tena haraka, kwa adabu. Hata katika hali ile, kwa adabu.

Yama Chola alikuja mbio na wanaume wa jirani. Waliwabeba wote wawili mpaka zahanati ya ufukweni. Dresa, yule mfunga vidonda, aliunyoosha mguu wa Ilunga na kuubana kwa mbao, akaufunga mkono wa mama kifuani. Aliuliza nani aliyemtoa kijana udongo mdomoni. Tulipomwambia, alisema asingetolewa pale pale, tungemletea maiti.

Mchana ule Yama alirudi kwenye nyumba, nami nikamfuata nimchukulie mama nguo kavu. Yama alikuwa akifukua peke yake. Aliokota kipande cha boriti akakiminya. Kikavunjika mkononi kama mkate mkavu, maana lilibaki ganda tu, ndani mchwa walikuwa wamejenga mji wao. Aliinua fungu la nyasi, na chini yake uyoga mweupe ulikuwa umeota mwingi, ndani ya paa tulilolisifia unene. Kisha tukafika kwenye kitanda.

Kitanda kilikuwa kimepandishwa juu ya mawe. Kukizunguka, chini ya takataka, tulikuta vyungu, vibuyu, mabeseni, hata kata ya kuchotea maji ya mtumbwi, vyote vimepangwa kila kimoja mahali pake. Pembeni palikuwa na kasia la marehemu baba limesimikwa juu ya jiwe la kusagia, limevunjika katikati. Ndilo lililokuwa nguzo. Mama alikuwa ameitegemeza boriti mbovu kwa kasia.

Tukiwa tunatazama, mvua ya kwanza ya mwaka ikaanza. Nilimwambia Yama twende. Hakusogea. Alisimama katikati ya nyumba ya dada yake akinyeshewa, akisikiliza matone yakipiga vyungu kimoja baada ya kingine. Sijawahi kuona mtu mzima akipigwa kiasi kile bila kuguswa na mkono.

Kati ya nyumba yangu na ya mama, kavu ilikuwa yangu tu, kwa hiyo jioni wagonjwa wote wawili walirudishwa kutoka zahanati wakalazwa humo, mama upande mmoja wa moto, Ilunga upande mwingine, shuka nimetundika katikati. Yama alikuja na nguo zilizolowa, akaketi.

"Dada," alisema, "unanyeshewa tangu lini?"

"Tangu msiba," mama alisema.

"Nami nakaa umbali wa kuitika."

"Una watoto wako. Halafu akaja huyu, kutoka mbali. Nikasema akiiona aibu hii ataona amechukua mke kwa watu wasio na kwao." Alikohoa, akaendelea. "Nilikuwa kwa Mumba, nikasikia nyayo zake juu ya paa zikielekea upande wa kasia. Nilitaka kumwita, Chola. Nilifungua mdomo. Jina halikutoka. Na Chanda hakuwepo wa kunisemea. Nikakimbia nilishike kasia."

Hebu fikiri, mwanangu. Mwanamke wa umri wake alikimbilia chini ya paa linaloanguka, akidhani mikono yake itashikilia nyasi za miaka yote ile na mtu juu yake. Kumwita kwa jina kulimshinda. Kufa pamoja naye hakukumshinda.

Yama aliposema hakupaza sauti.

"Sikieni nyote. Mila hii tuliwekewa ili mkwe na mama mkwe wasivunjiane utu. Hakuna babu aliyesema iwe kifuniko cha mdomo mtu anapoanguka. Nyumba ikiwaka, hatuulizani nani mkwe wa nani. Na wewe dada, mficha maradhi kifo humuumbua. Leo kingewaumbua wawili. Ulificha ili tusione haya, tungebaki na haya na makaburi." Alisita, akajigusa kifuani. "Lakini sitajificha nyuma yako. Nimepita mbele ya paa lile kila mwaka, nikasema ni nene. Nilipima nyasi, sikumpima aliyelala chini yake."

Hapo ikatoka sauti upande wa pili wa shuka. Tulidhani amelala.

"Yama," Ilunga alisema, "mi nilisikia mama ananiita. Kule chini, mu giza. Nilikuwa naenda. Nikasikia jina yangu, nikarudia."

Mama alijifunika uso kwa kitambaa, kwa mazoea. Kisha, polepole, akakishusha. Yama akainuka, akaliondoa lile shuka mwenyewe, akaniambia nipike.

Pombe haikuwepo, mavuno yalikuwa mbali, ngoma hakuna. Palikuwa na bukari, yaani ugali, na samaki mmoja. Mama alimega tonge kwa mkono wake mzima, akalichovya, akampa Ilunga mdomoni, wakitazamana. Hivyo ndivyo ukuta ulivyoondoka kwetu. Shangazi Mumba, yuleyule aliyesema mwachilie, alipiga kigelegele kimoja kidogo, kama mtu anayejaribu kama sauti bado ipo. Kisha akalia.

Ilunga alitembea tena, ila kwa kuchechemea hadi mwisho wa siku zake. Mkono wa mama haukupanda tena kupita bega. Kiangazi kilichofuata Yama aliwaleta wanaume, wakaiezua nyumba ile mpaka ukutani, hawakuacha unyasi mmoja wa zamani. Walikata matawi yote ya mupundu yaliyolifunika paa. Walileta miti ya mubanga, ambayo mchwa huionja na kuiacha. Paa waliliinua liwe na mteremko mkali, maji yasipate pa kukaa, wakaezeka kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikiilalia mwenzake. Ilunga alikaa chini akilowanisha kamba na kupaza sauti kuwaelekeza, na mama uani akimjibu kwa jina. Wapita njia walisimama wakashangaa. Tukawaacha washangae.

Tangu hapo, kila mwaka majani ya mti yalipopukutika, Ilunga aliingia nyumba ya mama mchana, akafunga mlango, akalala chali sakafuni, akatazama juu. Tundu la paa halijifichi mbele ya mtu aliyelala chini yake. Linaingiza jua na kujitangaza. Akitoka, alitoka na kazi.

Basi mwanangu, hili ndilo neno langu. Mapaa ya siku hizi ni ya mabati, lakini msumari nao hulegea, kutu nayo hula kimya kama mchwa, na mti ulio juu yako haujali umeezeka kwa nini. Panda ulifagie paa lako kabla mbingu haijafunga. Usiweke kipya juu ya kilichooza. Toa kwanza, hata kama wenye nyumba wanakuambia marehemu aliacha kazi nzuri. Na kama panavuja kwako, sema. Sema mapema, sema kwa yeyote aliye karibu, maana mtu hajulikani ana njaa kwa kufunga mlango. Mama yako akikuwekea kigoda nje kila siku, mpite kwa heshima, uingie. Gusa kitanda chake. Tunasema kwetu, mama nibebe, nami nitakubeba; sasa utambebaje na hujui analala wapi?

Lakini zaidi ya yote, ukimwona mtu anaweka mguu pabaya, mwite. Awe mkwe, awe mkubwa wako, awe mtu ambaye hamsemi. Mwite kwa jina lake, kwa lugha yoyote iliyo karibu na ulimi. Heshima mtakuja kuitengeneza baadaye, mkiwa hai.

Mungu akuinulie nyumba yenye watu ndani yake. Akupe wakwe watakaokuita mwana, na wazee wasioona haya kukutuma. Mvua ikunyeshee shambani, isikunyeshee kitandani, na kila utakayemlaza chini ya paa lako aamke mkavu.